Bi Nguchiro na Kichuguu Maradufu

"Pakawa!"

Mtambaji akatazama huku na huku, mkono bado uko juu.

"Pakawa!" akaita tena, sasa kwa kujiamini zaidi.

"Mtambaji," akasema Bi Mwatum, aliyekaa mbele na sinia lake la mchele wa kuchambua, "hilo ni letu sisi. Lako ni Paukwa."

Watu wakaangua kicheko.

"Lahaula! Nisameheni, jamani. Haya ndiyo madhara ya kutembea nchi za watu. Nimetamba Ujiji, nimetamba Lamu, nimetamba Bukoba mpaka senene wakaacha kuruka, na kote huko nimekula ubwabwa wa wenyewe. Leo nimejijibu kabla sijajiita. Haya, tuanze upya. Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ngano, hodi!"

"Ingia na uongo wako, utamu tutautia wenyewe!"

Basi hapo kale, enzi wanyama wakisema na binadamu wakisikiliza, palikuwa na bonde lenye vichuguu. Wanyama wa bonde hilo hawakulima wala hawakuchuuza. Walikuwa na hisa. Msishtuke, hisa haiumi. Hisa ni fungu lako katika mali ambayo ukiila yote leo, kesho utalamba vidole. Lakini ukikingoja kichuguu, mvua za kwanza zikipiga tu, purrrr! wanatoka kumbikumbi, wanene kama njugu, na kila mwenye hisa anakinga kikapu chake. Kikapu hicho ndicho gawio. Umekula, umeshiba, na kichuguu kimesimama palepale.

Bi Nguchiro alikuwa na hisa katika vichuguu vitatu. Kipara na Chongo vilikua kistaarabu, bila kumsumbua mtu. Lakini cha tatu, Kibiongo, kilichoinama kama bibi anayetafuta sindano, hicho kilikuwa na wazimu wa kukua. Kila gawio likitoka, nusu aliwalisha wanawe, nusu aliiacha iruke ikajenge. Na kila masika kikapu kilizidi kidogo. Kiangazi kikikaza, mizizi ikikauka na panzi wakihama, ni kikapu cha Kibiongo kilichowavusha wanawe wakiwa hai.

Sasa, katika bonde hilohilo alikuwepo Bwana Mhanga. Pua kama bomba, kucha kama majembe. Akipiga kichuguu, gwaa! Akitia ulimi, srrrp! Kimebaki kifusi. Wanyama wote walikuwa wahanga wa Mhanga, mpaka wakaenda kumwangukia miguuni. Akawasikiliza huku anatafuna.

"Vichuguu vyenu sivigusi," akasema. "Ila chochote kikikua maradufu, chote changu. Juu changu, chini changu, na waliomo ndani wangu."

"Na nani atapima, Bwana Mhanga?"

"Pimeni wenyewe! Hamwoni niko kwenye chakula?"

Basi Bi Nguchiro akaenda akapima kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama wanavyopima vitambaa. Kibiongo, mikono minne. Akatangaza mbele ya wote, na wote wakasikia. Kikitimia minane, kwaheri Kibiongo.

Wenzetu hisa zao zikipanda wanapika pilau. Bi Nguchiro hisa yake ikipanda, anaandaa matanga.

Alfajiri anapanda, anapima, anashuka. Mitano. Roho inamwenda du-du, du-du.

Anapanda, anapima, anashuka. Mitano na kidole. Du-du, du-du.

"Hongera, shoga!" akaita Kanga, jirani yake, akipita na vifaranga. "Naona mambo yako yanapanda!"

"Usinipe hongera, shoga. Nipe pole."

"Mtu hupewa pole kwa kutajirika?"

"Natajirika mimi? Namnenepeshea Mhanga! Hebu nikuuzie hisa hii, shoga. Rahisi. Bei ya kutupa."

Kanga akakohoa. "Ningeichukua, wallahi. Ila leo nina haraka." Na vifaranga wake wakajua mama yao hajawahi kuwa na haraka tangu wazaliwe.

Bi Nguchiro akainama mlangoni kwa mchwa, akaita kwa upole. "Jamani, enyi mafundi! Hamchoki? Pumzikeni, hata kidogo!"

Kutoka ndani wakamjibu kwa wimbo:

"Tunajenga, tunajenga,
tope na mate, tunajenga!"

"Najua mnajenga! Mnanimaliza!"

"Tope na mate, tunajenga!"

Alfajiri anapanda, anapima, anashuka. Sita. Akakwangua kileleni kwa kucha zake, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, mpaka zikauma. Akashuka roho imetulia. Kesho yake akakuta mchwa wamerudishia palipokwanguliwa na kuongeza pembe mbili za urembo. Saba.

Chakula hakikulika, maji hayakunyweka. Wanawe wakimuuliza, "Mama, mvua lini?" anajibu, "Saba na kidole." Akiona wingu anafurahi, kwa sababu gawio liko karibu. Akikitazama kichuguu anatetemeka, kwa sababu Mhanga yuko karibu zaidi. Mnajua mbio za aina hiyo? Unashangilia na kuomba dua kwa mdomo mmoja.

Alfajiri moja akapanda, akapima. Hakushuka. Alikaa kule kileleni kama kofia. Minane.

Na juu ya mti mkavu alikuwepo Kunguru, ambaye hana hisa hata moja lakini bei zote anazijua. "Kwaa! Minane! Kwaa! Maradufu!"

Gidi, gidi, gidi, ardhi ikatetemeka. Bwana Mhanga huyo anakuja, ulimi nje, bonde zima nyuma yake. Wengine walikuja kumwonea huruma Bi Nguchiro. Wengine, tuseme ukweli, walikuja kuona kama kutakuwa na makombo.

"Shuka, mama," akasema Mhanga. "Nasikia mali yangu imekomaa."

Bi Nguchiro akashuka. Wanawe wakamng'ang'ania mkia.

"Pima tuone," akaamuru Mhanga. "Ulipima wewe mwanzo, pima wewe mwisho. Mimi ni mtu wa haki."

Na hapo, wasikilizaji, alisema neno la haki kweli. Ndiyo mara yake ya kwanza, na ndiyo bahati mbaya ya watu wasiozoea haki. Inawaponyoka.

Bi Nguchiro akainua mkono. Mkono mwembamba, na kivuli chake kwenye kichuguu kilikuwa uzi tu. Akautazama ule mkono. Akamtazama Mhanga, mkono wake kama nguzo ya daraja. Roho ikaacha kwenda du-du. Akaushusha.

"Aa, Bwana Mhanga, siwezi. Naona haya."

"Haya ya nini?"

"Mali ya bwana mkubwa ipimwe kwa mkono huu? Watu watasemaje? Si watasema Bwana Mhanga hana mkono?"

Nyuma huko mtu akacheka, hii! kisha akajifanya anapiga chafya.

Mhanga akatuna. "Nani hana mkono? Huo wako si mkono, ni kijiti cha kuchokolea meno! Mkono ni huu!"

"Huo ndio wa kupimia?"

"Bonde zima hakuna mwingine!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" wakajibu wanyama, bila kujua wamesikia nini.

"Na kikipungua je, bwana?"

Mhanga akacheka mpaka akakaa chini. "Kichuguu kipungue? Hawa hawalali! Kikipungua nakuachia Kibiongo chako na bonde lote, nihamie ng'ambo nikale mawe. Sogea!"

Akasimama. Akaweka kiwiko chini, akanyoosha kidole.

"Mmoja!"

Wanyama wakanyoosha shingo.

"Miwili!"

Akaupeleka mkono juu kwa wa tatu. Ukapapasa hewa. Akaangalia juu, akaangalia chini, akapapasa tena. Hewa tupu.

"Mwanzo ilikuwa mingapi?" akauliza Kanga, ambaye siku hiyo hakuwa na haraka.

"Minne!" bonde zima likajibu.

"Na sasa?"

"Miwili!"

"Uwii, shoga, pole! Hisa yako imeanguka nusu!"

Bi Nguchiro akajitupa chini, akalia kilio cha kukodi. "Nimefilisika mie! Wanangu, tumekwisha!"

Mhanga akazunguka kichuguu, puu, puu, anahema. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mkono wangu mrefu. Ndiyo, ni huo urefu. Tupime upya kwa wako wewe."

Kilio kikakatika papo hapo. Bi Nguchiro akakung'uta vumbi.

"Wangu ni kijiti cha kuchokolea meno. Hama."

Akahama. Gidi, gidi, gidi, mpaka vumbi lake likaisha machoni. Jioni mvua ikapiga, purrrr! na Kibiongo kikamwaga kumbikumbi mpaka kikapu kikafurika, wanawe wakala matumbo yakawa ngoma.

Lakini msidhani alilala. Alfajiri alipanda, akapima, akashuka. Minane na kidole. Roho du-du, du-du. Sasa anaogopa kisije kikapungua kweli.

Ngano yangu imekatikia hapo. Tamu yake bebeni, chungu yake niachieni mtambaji nikaitafune njiani. Na funzo lake, wanangu, mlishike sana: mwenye mali atumie kipimo kimoja siku zote, asibabaishe watu, kwa maana udanganyifu haulipi.

"Mbona Bi Nguchiro ulimlipa," akasema Bi Mwatum bila kuinua macho kwenye mchele, "na gawio juu."