Mwiko wa Bwana Shaali

Hiki kisa alinipa shangazi yangu Mwanajabu, anacheka huku kashika mbavu.

Palikuwa na Bi Mize, mpika halua. Kwao miko ya kukorogea walijichongea wenyewe. Siku moja akamjia Bwana Shaali, mwenye mabanda yote ya sokoni, hata hilo alilopikia Mize. Naye alipika halua, lakini yake mtu akiitafuna jino linabaki humo.

"Nichongee mwiko kama wako. Hutaki, hama bandani kwangu."

"Nitakataaje, bwana wangu? Ila mpini wetu hufuata vidole vya mwenyewe. Njoo Ijumaa, ushike mti ambao haujachongwa, ukoroge sufuria langu mpaka jasho linionyeshe pa kuchonga."

Ijumaa Shaali akaja, tumbo mbele. Akavua kanzu, akakoroga, moshi tele machoni.

"Bado tu, Mize?"

"Kidole gumba hakijatoa jasho, bwana. Koroga, usilegee!"

Wanawake wenye arusi wakaja kununua halua, wakaduwaa mlangoni. "We Mize! Shaali umemwajiri lini?"

"Namfundisha, dada zangu. Mzito, lakini ataweza."

Wakacheka, wakanunua sufuria zima. Shaali akachongewa mwiko wake, akapewa.

Kesho yake, habari zimeshaenea sokoni, Shaali akaja na hasira zake kumfukuza Mize. Soko zima likamzomea: "Lo! Tangu lini kibarua akamfukuza tajiri wake?"

Akarudi kwake, mwiko kwapani.

Haya, fumbeni macho mlale.