Zima Gari Nisikie

Jana usiku, saa ambayo hata mbwa wameshanyamaza, mliisikia ile sauti ya gari. Najua mliisikia, mtaa wetu ni mmoja. Inaanzia kule chini darajani, inanguruma, inapasuka kama mtu anayepiga mabati, inapanda kilima inapita mbele ya nyumba zetu, na mtoto aliyekuwa amelala anashtuka mikononi mwako, na wewe mama unabaki umemwekea mkono kifuani, unamsikiliza anavyopumua, unajiuliza huyo anayekwenda hivyo anakwenda wapi, na ndani yuko na nani. Mimi nilikaa hivyo mpaka kukapambazuka. Kwa hiyo leo nilipopewa nafasi ya kuleta neno hapa ibadani, nimekuja na mfano, na nitausema harakaharaka kabla woga haujanishika.

Palikuwa na baba mmoja kijana, ana mke, ana mtoto anayeanza kusimama kwa kushika viti. Mungu akawajalia gari. Si gari la fahari, ni la kawaida, la kwenda kazini na sokoni, ila lilikuwa bado jipya, injini haijaguswa na fundi, ukiwa ndani husikii kitu. Mtoto akisumbua kulala, walimzungusha nalo kidogo tu, kichwa kinaangukia bega la mama yake. Mke alilipenda gari kwa hilo.

Jumamosi moja yule baba akalipeleka kuoshwa, na pale wanapooshea magari kuna vijana, mnawajua, wana maneno.

"Kaka, umeiwasha au tukusukume? Mbona haisikiki?"

"Mwache. Hiyo gari ya kupelekea watoto kliniki."

Wakacheka. Na yeye akacheka, lakini lile neno aliondoka nalo, akalala nalo, akaamka nalo, na baada ya muda akalipeleka gari kwa fundi. Springi zikakatwa, gari likashuka chini. Sailensa, ile inayopunguza mlio, ikatolewa kwenye bomba la moshi. Wakaingia mpaka kwenye kompyuta ya injini, wakaifungulia nguvu zaidi. Siku anarudi, mkewe alimsikia yuko bado darajani.

"Baba, ilikuwa na kosa gani?"

"Haikuwa na kosa. Ila sasa ina heshima."

"Na breki, wameziongeza?"

"Breki nzima, za nini kuziongeza? Wewe panda uone inavyovuta."

Akapanda, na mtoto. Mtoto alilia njia nzima, na baba hakujua kama analia.

Sasa niwaulize. Gari limeongezewa nguvu ya kukimbia, halikuongezewa nguvu ya kusimama. Hilo limeboreshwa, au limepunguzwa? Waliolitengeneza walipima, kasi hii kwa breki hizi, mlio huu kwa masikio ya waliomo ndani. Sisemi ni dhambi. Anayeshindana mbio uwanjani ana sababu yake. Lakini wewe unayetoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, unashindana na nani?

Basi mchana mmoja yule mtoto akapata homa, mwili unawaka. Mama akambeba akaingia kiti cha nyuma, baba akawasha, akasema, "Leo mtaona faida yake." Na kweli lilikimbia. Hapo sitamsingizia, lilikimbia. Katikati ya njia mtoto akakakamaa, macho yakageuka, akatapika, na matapishi yakamrudia kooni.

"Simama, Baba. Simama, mtoto anapaliwa."

Hakusikia. Mama akaita tena, akaita kwa nguvu zake zote. Baba akatazama kioo cha kuonea nyuma, akaona midomo ya mkewe inakwenda, akaona machozi, akadhani anaambiwa kimbiza. Akaitikia kwa kichwa. Akakanyaga mafuta.

Ndugu zangu, alikanyaga kwa upendo. Sidhani kama aliwahi kumpenda yule mtoto kuliko dakika ile.

Mama akavua kiatu akampiga nacho begani. Ndipo akageuka, akaona, akafunga breki, breki zilezile, gari likaserereka, likapita mbali kabla ya kusimama, likaishia kwenye majani. Mama akatoka, akatandika kitenge chini, akamlaza mtoto ubavu, akamtoa uchafu mdomoni, akainama akaweka sikio puani pake. Na injini nyuma yake bado inanguruma.

"Zima gari," akasema. "Zima nisikie kama anapumua."

Akazima. Wakakaa wote wawili wamepiga magoti pale kwenye majani, hakuna anayethubutu hata kumeza mate. Kisha ikaja. Pumzi nyembamba, kama uzi, kisha nyingine, kisha kilio. Baba akalia naye. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanawe ndani ya safari ile.

Sasa ni sisi. Tumepewa vitu vizima, nyumba nzima, ndoa nzima, hata sauti zetu zilikuwa zinatutosha, halafu watu wa pembeni wakatucheka kidogo, tukaenda kuongeza. Tunasikika tangu darajani. Na aliye kiti cha nyuma anaita, na sisi tunaona midomo yake tu, tunadhani anasema ongeza. Nani anakuita nyumbani kwako, na wewe unamwitikia kwa kichwa? Lini mara ya mwisho ulizima kila kitu ukasikiliza kama watu wako wanapumua?

Akina mama, msiseme na mume kwenye kioo. Semeni naye gari limezimwa.

Na wewe uliyepita jana usiku, kama umekaa humu, sitazami upande wako. Sailensa yako ya zamani nadhani bado iko kwa fundi, imetupwa pembeni. Kama unaona haya kuifuata mbele ya wale vijana, nipitie nyumbani. Tutakwenda wewe, na mkeo, na mimi na mwanangu mgongoni, na hakuna mwingine nitakayemwambia.