Aliyeitika Ukunguni

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya watu ambao wajukuu wao bado wapo, palikuwa na mji uliojengwa chini ya milima yenye msitu. Juu kabisa ya milima hiyo palikuwa na kijiji kilichoitwa Kihonde. Kutoka Kihonde hadi mjini ulikuwa mwendo wa kutwa. Ukiondoka alfajiri na miguu ni mizima, unaingia mjini alasiri. Njia ilikuwa nyembamba, mtu nyuma ya mtu, na ukungu ulishuka saa yoyote bila kubisha hodi.

Kwa sababu ya ukungu huo watu wa Kihonde walikuwa na utaratibu wao. Msituni mtu haitwi kwa jina, na akisikia jina lake haitiki. Wa mbele huita: "Heee!" Wa mwisho huitika: "Heee!" Walio katikati hunyamaza. Wa mwisho akiitika, wote wapo. Asipoitika, wote wanasimama. Hivyo ndivyo walivyotembea miaka yote, na hakuna aliyekumbuka mtu kupotea.

Sasa sikilizeni habari za aliyepotea.

Alikuwepo mjane, Bi Semeni, na wanawe watatu. Wa kwanza ni Kondo, fundi baiskeli huko mjini, mwenye mke na watoto wanne. Wa pili ni Mwavita, aliyebaki Kihonde na mama yake. Mwezi huo Mwavita alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, na barua ya kuitwa ameisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Kitindamimba ni Pazi, mwanamume wa miaka ishirini na mbili, ambaye posa yake ilikuwa imekubaliwa wiki mbili tu kabla.

Jicho la kushoto la Bi Semeni lilikuwa limekwisha zimika. La kulia lilikuwa bado linaona, lakini mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kondo alipopanda kuja kumsalimu, alimpeleka zahanati, na mganga akasema:

"Ni presha ya macho. Madaktari wa macho wako mjini, wanakuja mara moja kwa mwaka. Kesho ndiyo siku yao ya mwisho, wanafunga saa kumi. Mama, jicho hili halitangoja mwaka." Akaandika cheti. "Msikipoteze. Bila hiki hawamwoni mtu, foleni ni ndefu mno."

Basi alfajiri wakaondoka. Kondo mbele, Mwavita nyuma yake na begi kichwani, Bi Semeni nyuma ya Mwavita, na Pazi mwisho. Cheti alikifunga Bi Semeni mwenyewe kwenye pindo la kanga.

"Mama, nipe mimi nikibebe," alisema Mwavita.

"Jicho langu, cheti changu," alijibu mama yake.

Wakatembea. Mwavita alikuwa na tabia ya kuhesabu mambo moyoni. Alihesabu saa, alihesabu makorongo yaliyobaki, alihesabu pumzi za mama yake nyuma yake. Kondo alimjua.

"Unahesabu tena?"

"Sihesabu."

"Unahesabu, nasikia kichwa chako kinavyolia kama mnyororo mkavu. Tulia, dada. Tutafika."

Saa nne wakapumzika kwenye chemchemi. Bi Semeni akafungua pindo la kanga, akalowesha ncha yake, akajifuta uso. Wakanywa maji, wakaondoka. Walipoianza miteremko, ukungu ukaingia. Ulikuwa mzito kiasi kwamba Mwavita aliuona mgongo wa Kondo kama shati lililoanikwa likitembea peke yake.

Yaliyotokea nyuma yake hakuyaona. Aliambiwa baadaye, na nanyi nawaambia sasa. Bi Semeni alishika pindo la kanga, akakuta cheti hakipo. Akasimama. Akamnong'oneza Pazi:

"Mwanangu, nimekiacha chemchemini, juu ya jiwe. Kimbia ukakilete."

"Ngoja nimwambie kaka."

"Usimwambie! Atafoka mpaka mjini. Wewe ni mwepesi, utatukuta. Mimi nawafuata hawa, nawasikia miguu."

Pazi akarudi mbio. Bi Semeni akaendelea peke yake. Mbele kidogo njia ilipinda kuume, na iliyonyooka mbele ilikuwa njia ya zamani ya kuburutia magogo. Jicho lake halikuona pembeni. Akaenda moja kwa moja.

Kondo akaita: "Heee!"

Ikaitika sauti, mbali kidogo, nyuma na chini: "Heee!"

Wakatembea. Mwavita aliona begi limekuwa zito ghafla. Sauti ile ilikuwa nene. Ilikuwa na kitu cha uzee ndani yake.

Kondo akaita mara ya pili: "Heee!"

"Heee!"

"Pazi leo ana sauti ya mzee," alisema Mwavita, na akacheka kidogo, maana hakutaka aonekane ameogopa.

"Anajipima sauti ya kuamrisha mke," alisema Kondo. "Ongeza mwendo, saa zinakwenda."

Mwavita akaongeza mwendo. Alisikiliza nyuma yake. Alisikia matone yakianguka kutoka kwenye majani. Kila tone lilifanana na hatua ya mama yake, na kwa kuwa alitaka liwe hatua, akaliita hatua. Alifikiri kugeuka na kurudi kidogo. Akafikiri pia saa kumi. Akisimamisha msafara kwa woga wake na wakachelewa, nani atalaumiwa?

Kondo akaita mara ya tatu. Sauti ikaitika mara ya tatu, na safari hii ilitoka mbali sana.

"Kaka, tupumzike."

"Sasa hivi?"

"Kidogo tu. Shingo inaniuma."

Kondo akasonya, akasimama. Wakangoja. Dakika tano, dakika kumi. Kisha wakasikia mtu anakuja mbio, akateleza, akainuka. Pazi akatokea kwenye ukungu, peke yake, cheti kiko mkononi.

"Nimekipata!" alisema, akihema. Akaangalia huku na huku. "Mama yuko wapi?"

Kondo akachungulia nyuma ya Pazi.

"Kaka, mama yuko wapi?"

"Wewe si ndiye uko nyuma yake?" alisema Kondo. "Si umeitika sasa hivi?"

"Nimeitika nini? Mimi nilikuwa chemchemini!"

Kondo akageuka kuelekea msituni. Akaweka mikono mdomoni akaita, na sauti yake ilipasuka: "Heee!"

Pazi alikuwa amesimama mbele yao, mdomo umefumba. Na kutoka chini, ndani ya ukungu, ikaja sauti:

"Heee!"

Mwavita alitupa begi. Alikimbia kuelekea ile sauti, nduguze nyuma yake, miiba ikiwashika nguo. Alivunja utaratibu wa msitu na kuita jina la mama yake waziwazi, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake tangu azaliwe. "Semeni! Semeni wee!" Hakuna aliyeitika.

Wakatokea mahali penye shimo la kupasulia mbao. Kando yake alikaa mwanamume mmoja peke yake, msumeno mrefu umelala magotini. Jina lake Mloka. Mwenzake alikuwa ameshuka na mbao. Alipowaona alisimama.

"Ni wewe unayeitika?" aliuliza Kondo.

"Nimeitwa, nimeitika. Kuna ubaya?"

"Umemwona mama mtu mzima, kavaa kanga ya zambarau?"

"Sijamwona mtu. Ukungu huu hata mguu wangu siuoni."

Pazi alimshika shati. Mwavita akapita katikati yao. "Mtapigana jioni," alisema. "Sasa tafuteni."

Wakatafuta, na Mloka akatafuta pamoja nao. Saa saba ikapita, ya nane ikapita. Mwavita hakuhesabu tena kitu chochote isipokuwa mambo mabaya: korongo, nyoka, jiwe lenye utelezi. Saa tisa ukungu ulipoinuka, walimkuta kwenye mteremko chini ya shimo lile, karibu na kijito, amekaa juu ya gogo, kifundo cha mguu kimevimba.

"Mama! Kwa nini hukuita?"

Bi Semeni alishangaa kweli. "Niite nini? Nilimsikia wa mbele akiita na wa mwisho akiitika. Mimi ni wa katikati, nikanyamaza. Nikadhani Pazi amekwisha kurudi na cheti, nikaifuata sauti yake, nikaanguka hapa. Halafu nikasikia mtu anataja jina langu." Akashusha sauti. "Msituni, mtu anataja jina. Hata iweje nisingeitika."

Mloka akainama, akampandisha mgongoni, akambeba mpaka mjini bila kukubali kupokezana. Walifika jua linazama. Lango lilikuwa limefungwa. Bawabu akasema, kwa upole tu, kwamba gari la madaktari liliondoka saa kumi na nusu.

Miezi mitatu baadaye, kabla hata mahindi hayajavunwa, jicho la kulia likazimika.

Sasa hapo ndipo penye hadithi yenyewe.

Siku zote hizo Bi Semeni alikuwa mjini kwa Kondo. Siku moja akawakusanya wanawe barazani, akaagiza na Mloka aitwe. Alikuwa amevaa nguo za safari.

"Nataka kurudi Kihonde," alisema. "Kule najua kila kitu kwa mikono. Hapa sijui hata ukuta. Lakini siwezi kukaa peke yangu. Mtu mmoja atapanda na mimi, akae na mimi mpaka siku yangu. Zamu sitaki. Mtu wa zamu huhesabu siku. Nataka mmoja, na awe yule aliyenipotezea jicho. Basi semeni."

Kondo akasema wa kwanza:

"Mama, mimi nilikuwa wa mbele. Kazi ya wa mbele ni kuita. Niliita mara tatu, nikaitikiwa mara tatu. Utaratibu ulinitaka nifanye nini zaidi? Nina watoto wanne wanaosoma hapa. Aliyeacha nafasi yake ni Pazi."

"Ndiyo, niliiacha," alisema Pazi. "Niliiacha kwa sababu ya cheti. Tungefika saa tisa bila cheti, nani angemwona? Na sikuondoka kwa akili yangu, nilitumwa, tena nikaambiwa nisiseme. Kwa nini nisiseme? Kwa sababu kila mtu nyumbani anaogopa kufokewa na kaka! Harusi yangu ni mwezi ujao, na wakwe hawatamruhusu binti yao apande milimani. Mloka ndiye aliyejifanya mimi."

Mloka alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, viatu amevivua.

"Sikujifanya mtu," alisema. "Kwetu ukisikia mwito porini usipoitika unahesabiwa mchawi. Ndivyo nilivyowaambia siku ile." Akavisogeza viatu vyake kando. "Lakini sikuwaambia yote. Ile miti nilikuwa naipasua bila kibali. Nilijua desturi ya watu wa Kihonde. Nilijua msipoitikiwa mtasimama, mtashuka kutafuta, mtaona shimo. Niliitika ili mpite. Sikujua kuna mtu aliyepungua. Ningejua, ningekuja mbio. Mimi mama sina. Mkisema nipande, nitapanda."

"Mgeni akae na mama yetu?" alisema Kondo. "Watu watasema nini?"

"Watasema ana adabu kuliko wenye mama," alisema Pazi.

"Nyamazeni!" alisema Bi Semeni. "Nami nina langu. Cheti nilikisahau mimi. Pazi nilimtuma mimi. Kumficha Kondo nilishauri mimi. Mnaweza kusema nilijipoteza mwenyewe, na mkisema hivyo nitakaa kimya. Mwavita, mbona husemi?"

Mwavita alikuwa ameishika barua ya chuo ndani ya mfuko wa gauni. Walikuwa wamemwongezea muda mara moja. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho. Hakuna aliyemtaja hata mara moja tangu baraza lianze. Hakuacha nafasi yake, hakutuma mtu, hakumdanganya mtu. Angeweza kusema, "Mimi nilikuwa katikati, na wa katikati hunyamaza," na kila mtu angekubali.

"Nilijua," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Mara ya kwanza nilishuku. Mara ya pili nilijua ile si sauti ya Pazi. Nimekua naye, nimelala naye chumba kimoja, nimemsikia akilia na akikohoa. Nilijua."

"Ulisema," alisema Kondo, polepole. "Ulisema ana sauti ya mzee."

"Nilisema kama mzaha, kaka. Nawe ukajibu kama mzaha. Nilitaka wewe ndiye uogope ili mimi nisiogope. Tungesimama pale, mama hakuwa amefika mbali."

"Basi nami nilisikia," alisema Kondo. "Kama wewe ulisikia, masikio yangu yalikuwa wapi?"

"Lakini wewe hukujua. Mimi nilijua."

"Kujua na kunyamaza," alisema Pazi, "na kudanganya ili watu wapite, na kwenda mbele bila kugeuka, na kuacha mkia wa msafara. Nani atayapima haya?"

Njiani mbele ya baraza, watu waliokuwa wakipanda milimani walikuwa wameanza kupita, maana jua lilikuwa bado changa na aliyetaka kufika Kihonde kabla ya giza ilimbidi aondoke sasa. Bi Semeni alisimama. Alinyoosha mkono wake wa kuume mbele yake, kiganja kikiwa wazi, hakuuelekeza kwa mtu yeyote kwa kuwa hakujua nani amekaa wapi. Akangoja.

Wanne walikuwa pale. Aliyekuwa mbele akaita bila kugeuka. Aliyesikia akanyamaza. Aliyekuwa mwisho akaondoka. Aliyekuwa pembeni akaitika. Na mkono wa mama uko hewani.

Enyi mliokaa hapa na kusikia, safari ya kutwa haingoji na mkono hauwezi kukaa hewani siku nzima. Je, nani alistahili kuinuka na kuushika?