Posa ya Birika la Shaba

Enzi za Sultani Harithi bin Jabiri, mwenye kuumiliki mji wa Zimbazi na visiwa vyake vyote, hapakuwa na tajiri wa kumfikia Khalfani bin Sudi, Mwenye Vioo. Vioo vyake vilikaliwa na majini, na ukinong'ona katika kimoja hapa, sauti yako hutokea katika kingine ng'ambo ya bahari, na mali ikammiminikia hata akasahau njaa inafananaje.

Lakini alikuwa na tabia iliyowatia watu hofu: kila karakana iliyozuka na ajabu mpya, aliinunua. Alinunua taa zijiwashazo, akanunua na kasuku watabirio mvua wa fundi Mselemu, kijana mpole, kisha vyote akavitia ghalani, akapiga kufuli. Mselemu akabaki na dhahabu tele na mikono isiyo na kazi, na huzuni ikamkondesha.

Sasa zamu ikamfikia Badawia binti Shekue. Marehemu mama yake alimwachia duka dogo karibu na forodha, na dukani birika la shaba, na ndani ya birika jini Shamhuri, ambaye kazi yake ilikuwa kufasiri. Mtu akisema, jini huyatoa maneno yake katika mvuke, kwa lugha ya msikilizaji, pamoja na yale aliyoyaficha moyoni. Khalfani akapeleka magunia ya dhahabu, Badawia akayarudisha, kwani alijua duka la mama yake likiuzwa litafungwa, na Shamhuri atakaa gizani. Tajiri akaghadhibika, akaenda kwa Sultani kuomba amri ya kumlazimisha binti auze.

Mwenye nguvu mpishe, majirani walimwambia. Ampishe nani? Badawia alijitanda buibui lake, akalikumbatia birika, akaenda nalo barazani.

Khalfani akapiga magoti, akasema, "Ewe maulana, kivuli cha raia, mimi sina tamaa. Namhurumia yatima huyu, nataka kumpumzisha na taabu za dunia."

Birika likachemka bila moto, na Shamhuri akafasiri mbele ya mawaziri wote: "Anasema, naogopa. Nyumba yangu imekuwa kubwa, na tangu iwe kubwa haijazaa ajabu hata moja. Watumishi wangu wanajua kulinda, hawajui kubuni. Basi nanunua watoto wa wenzangu, wengine niwalee, na wengine wasije wakakua wakanishinda."

Khalfani akajifunika uso kwa kilemba chake, akalia, akakiri kuwa ni kweli tupu. Sultani alitaka kumfukuza mjini siku ile ile, lakini Badawia alimwonea huruma mzee yule, na tena hakuwa mjinga: alijua watu wa ng'ambo husikiana viooni wasielewane, na birika lake bila vioo halivuki forodha.

"Maulana," akasema, "asininunue, aje kuposa. Kwetu mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake, wala mali yake haiwi ya mume, na mume akimfungia ndani, kadhi humwachisha. Duka langu na liolewe vivyo hivyo."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, akamwita kadhi aliozeshe duka kwa nyumba ya vioo. Na mahari aliyoitaka Badawia haikuwa dhahabu, ilikuwa ufunguo wa ghala. Lilipofunguliwa, kasuku wakatoka wakipiga kelele za mvua, na mvua ikanyesha kweli, na watu wakalowa wakishangilia. Tangu hapo wafanyabiashara wa bahari zote wakasemezana viooni na kuelewana, na vijana wa Khalfani wakapelekwa dukani kwa Badawia kujifunza kubuni.

Na wewe unayengoja Badawia aolewe na Khalfani, shauri yako, mzee yule ni rika la babu yake! Aliolewa na Mselemu, aliyenenepa tena kwa kazi, na harusi yao mji mzima ulikula pilau.

Haya, langu nimelitua. Anunuaye cha mwenzake ili akifunge, amenunua kufuli tu. Anunuaye ili kizidi kuzaa, huyo ndiye tajiri.