Mbwa Aliyeitwa Mwache

Hapo zamani, lakini si zamani za mbali, maana nguruwe pori walikuwa wakila mihogo ya watu vilevile kama wanavyoila sasa, palikuwa na kijiji kando ya msitu kikiitwa Kwangeze. Kwangeze ulikuwa hulimi kama huna mbwa. Na si mbwa yeyote tu! Mbwa wa kawaida hubweka tangu mlangoni, nguruwe akasikia, akaenda zake. Waliohitajika ni wale wekundu, mbwa wa ukoo, wanaofuata nyayo kimya wasibweke mpaka nguruwe asimame.

Msimamizi wa msako alikuwa Bi Mashavu. Yeye ndiye aliyeamua watu waingie msituni lini, nani asimame wapi na mkuki, na mbwa yupi ni wa ukoo na yupi ni wa kufukuzia kuku. Naye alikuwa na shamba bondeni, mihogo ya kulisha wajukuu wake mpaka mvua nyingine.

Sasa watu wa Kwangeze walikuwa na tabia yao. Wakigombana na mtu hawamtukani. Humpa mbwa jina, kisha mhusika akipita wanamwita mbwa kwa sauti. Basi kijiji kizima kilijaa kina Hayakuhusu na Kwani Ulinipa. Hiza alikuwa na jike la ukoo, jike la mwisho lililobaki. Mashemeji walikuwa hawaishi kumsema mkewe, naye akaliita jike Mwache. Shemeji akikatiza uani tu, Hiza huyo: "Mwache! Mwache, wewe!" Ujumbe ulifika.

Jirani yake Mbelwa alikuwa na dume la ukoo huohuo, Mtachoka. Na Mbelwa alimfundisha Mtachoka kwamba akimng'ang'ania nguruwe, akasikia "mwache", afungue meno, mwenye mkuki apate nafasi. Mmeshaona mambo yanakoelekea? Bi Mashavu naye aliona. Akawaita wote wawili.

"Jamani, mmoja wenu abadilishe neno."

"Jina nimeshampa, Bi Mashavu," Hiza akasema. "Nikilibadilisha, mashemeji watasema nimeshindwa."

"Na wangu keshafundishwa," Mbelwa akasema. "Kwa nini nihangaike mimi?"

Bi Mashavu akashika kiuno, akawatazama, akaondoka. Angefanya nini?

Mwache akapata mimba ya Mtachoka, akazaa. Watoto walikuwa hawajafumbua macho pale alipokuja Zaina, aliyelima mpakani mwa msitu, analia. Nguruwe walikuwa wamemfyekea nusu ya shamba. Alitaka msako siku hiyohiyo.

"Jike lina wachanga, mwanangu," Bi Mashavu akamwambia. "Subiri wakue kidogo."

Zaina hakusubiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Hiza, akakaa mlangoni akalia mpaka Hiza akalainika, akalitoa jike. Bi Mashavu akakuta watu wameshashika mikuki. Akawafuata huku ananung'unika.

Msituni Mtachoka alimdaka nguruwe sikio, akamng'ang'ania kama kupe. Mwache akatokea mbele, upande wa pembe. Hiza akaiona hatari, akapiga ukelele kumrudisha: "Mwache! Mwache!"

Mtachoka akasikia amri. Akafungua meno kwa utii wote.

Nguruwe akageuka, akampasua Mwache tumbo. Mkuki wa Hiza ulimwua nguruwe papo hapo, lakini jike lilikuwa limekwisha. Watu walilia, na Bi Mashavu alilia kwa hasira zaidi ya huzuni.

Watoto wakafa kwa njaa, akabaki mmoja, jike. Zaina akamchukua. Alikuwa na mbwa koko aliyezaa karibuni, lakini koko hakumtaka mtoto wa mwenziwe, alimng'ata. Zaina akamkamua koko, akampaka yule mtoto maziwa hayo mwili mzima, kisha akamshika koko kichwa kila aliponyonyesha, mpaka wakazoeana.

Jike likakua, jekundu, kimya. Bi Mashavu akalipeleka msituni kulipima, Zaina akiwa nyuma yake. Likafuata nyayo bila sauti, likabweka nguruwe aliposimama. "Huyu ni wa ukoo," akasema. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Hiza akasema: "Ni wangu. Mama yake alikuwa wangu, na mimi ndiye niliyemwua aliyemwua. Nisipopewa, mkuki wangu hauingii tena msituni, na mnajua mingine hukosa."

Mbelwa akasema: "Ni wangu. Damu ya ukoo iliyobaki hai ni ya dume langu, na mbwa wangu alitii alivyofundishwa. Nisipopewa, Mtachoka hapandi jike la mtu, tuone ukoo utaendeleaje."

Zaina akasema: "Ni wangu. Nyinyi mlikuwa mnazika na kulaumiana, mimi nilikuwa nakamua koko. Na haendi na mtu nisipokuwepo. Mkimchukua, mchukueni, mtamwona amelala tu."

"Nani aliyelia mlangoni pangu jike litoke kabla ya wakati?" Hiza akafoka.

"Nani aliyempa mbwa jina la ugomvi?" Mbelwa akajibu.

"Na nani aliyesikia jina akafundisha neno lilelile?" Zaina akadakia.

Bi Mashavu akaziba masikio. "Siku nzima nyie! Siku nzima! Kila mmoja ana haki, kila mmoja ana kosa, na hakuna hata mmoja anayenyamaza!"

Wakati huohuo mjukuu wake akaja mbio kutoka bondeni. Nguruwe wameingia shambani, kundi zima, mchana kweupe. Bila mkuki hawauawi. Bila jike hawafikiwi. Bila dume hakuna mbwa wa kesho. Wale watatu walisikia habari hiyo vizuri kabisa, wakageukiana, wakaendelea kubishana.

Bi Mashavu amesimama hapo, kamba ya mbwa mkononi, sauti ya mihogo ikivunjwa inamfikia. Lazima aikabidhi sasa hivi, na akimpa mmoja amewakosa wawili. Nyinyi mliokaa mkinisikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili?