Mwamvua Mkuki-Mmoja na Bendera ya Magadi

Zimeni maiki zenu, enyi mlioandikwa chini ya bendera ya Magadi, wakongwe kwa wageni, mnaosikiliza mkiwa Tabora na mnaosikiliza mkiwa Lamu, mliojifungia vyumbani na mliojibanza kwenye vibanda vya kuchajia simu. Tueni silaha zenu hapa ukumbini, maana kabla hamjatoka kwenda vitani sharti mjue jina mnalolipigania limetoka wapi. Mimi Shekimweri, mpiga pembe wa ngome hii, sisimulii habari za kuambiwa. Nilikuwapo, na nimewahi kuangushwa na huyo ninayemsimulia, heshima ambayo ninyi hamtaipata hata mkeshe mwaka mzima mkifanya mazoezi.

Zilikuwa zama za seva ya kwanza ya mchezo huu, nchi ya Zimwani ingali changa, nusu ya ramani yake ni giza, milima yake haina majina, na watu wakiingia humo kwa simu zilizopasuka vioo na bando la kuungaunga. Zama hizo kila aliyeingia aliulizwa mlangoni achague nasaba, na watu walikimbilia nasaba za raha: Wapepo wenye mabawa, Wamoto wenye uchawi viganjani, Wanyika wenye kupanda chui. Nasaba moja ilikosa mtu. Hao ni Wamwamba, wazito wa hatua, wasio na uchawi wala mnyama wa kupanda, ambao walipewa vazi la ngozi ngumu na mkuki mmoja, basi. Akaja mtu akaichagua hiyo. Akajiandika Mwamvua, binti wa Mwamba, mjukuu wa Mwamba, na pale penye nafasi ya kuandika jina la kikosi chake akaacha wazi.

Nani alikuwa nyuma ya jina lile? Hatukujua. Wako walioapa kwamba ni nesi wa zamu, wako waliosema ni fundi cherehani, na mmoja wetu alikuwa na hakika kabisa kwamba ni shangazi yake. Upuuzi mtupu. Sauti yake tuliisikia mara chache, nzito, ya mtu asiyezoea kurudia neno, na kila tulipoisikia tulinyamaza kama watoto waliosikia mlango wa baba unafunguliwa.

Huyo ndiye Mwamvua Mkuki-Mmoja, Mwamvua Asiyefuatana, aliyevuka Kivuko cha Mifupa peke yake wakati vikosi vizima vilikuwa vikizama pale, aliyemsubiri nyoka wa kivuko atoe kichwa, akamsubiri tena, akamsubiri mpaka nyoka mwenyewe akachoka, kisha akampiga pigo moja. Vikosi vyote vya Zimwani vilimtumia mialiko. Wengine walimwahidi farasi wa dhahabu, wengine cheo. Jibu lake lilikuwa lile lile kwa wakubwa na wadogo: "Mimi si wa mtu."

Na alikuwa na kiburi, msidanganywe. Alipita katikati ya soko bila kusalimia. Alitazama vita vya wenzake akiwa juu ya jiwe, na vilipokwisha alitamka nani kapigana ovyo, akaondoka zake. Mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote na bado nilikuwa namtafuta kwa macho kila nilipoingia.

Lakini sikilizeni desturi yake, kwa sababu hapo ndipo tulipozaliwa. Mnaijua sheria ya Zimwani, haijabadilika hata leo: mtu akiangushwa, huzinduka kwenye kisima cha nasaba yake akiwa na shuka jeupe tu, na zana zake zote, upanga, ngao, hata viatu, hubaki chini pale alipoanguka, na yeyote apitaye anaweza kuziokota. Ndivyo watu walivyotajirika zama zile. Uliangusha mtu, ukamvua, ukakimbia. Mwamvua hakuokota. Alikuangusha, kisha akasimama juu ya zana zako na mkuki wake mkononi, akiwafukuza waokotaji waliojikusanya kama kunguru, mpaka ukarudi mbio kutoka kisimani, ukavaa, ukajitazama. Hapo ndipo alipoondoka. Yule aliyemuuliza sababu aliambiwa maneno ambayo leo yamechongwa juu ya lango letu: "Ugomvi wangu ulikuwa na wewe. Sikugombana na viatu vyako."

Sasa, wakati huo mkuu wetu alikuwa Dihenga Ngao-Pana, mtu wa maneno mengi na moyo mpana, aliyetukusanya sisi makapi ambao vikosi vikubwa vilitukataa. Dihenga alimwona Mwamvua kuwa mwiba kooni. Alishaangushwa naye kivukoni, akasimamiwa zana zake, na kule kusimamiwa kulimuuma kuliko kule kuangushwa. Aliapa mbele yetu kwamba siku moja atamlaza yule mwanamke wa mawe na kumlipa kwa namna ile ile.

Ndipo likaja tangazo. Wenye mchezo walitangaza kwamba nchi ya kwanza itazimwa, na watu watahamishiwa nchi mpya, hii tuliyomo. Lakini watakaohamishwa ni wale tu ambao majina yao yameandikwa chini ya bendera ya ngome. Wasio na bendera watazimika pamoja na nchi, wao na kila walichokihangaikia kwa miaka. Ngome zilikuwa chache. Kikosi cha Shaba, waroho wale, walishakamata karibu zote, na yetu ndogo walitunyang'anya kabla hata tangazo halijapoa. Ilibaki moja tu isiyo na mwenyewe, Ngome ya Magadi, iliyolindwa na zimwi ambalo hakuna aliyewahi kuliangusha. Bila ngome ile, sisi tulikuwa tumekwisha. Niliona watu wazima wakipiga picha za majina yao kwenye skrini, ili wabaki na kumbukumbu.

Dihenga alipanga safu, akapanga tena, tukagombana nani atangulie. Tulipofika Magadi, zimwi lilikuwa limelala kifudifudi. Mwamvua alikuwa amekaa juu ya bega lake, peke yake, na bendera tupu ya ngome ilikuwa imeshikamana na mkuki wake. Maana sheria ilikuwa hivi: anayeliangusha zimwi hushika bendera, na anayemwangusha mshika bendera huichukua. Hakukuwa na njia ya kuikabidhi kwa mkono. Na bendera ile, kwa mtu asiye na kikosi, haikuwa na faida yoyote, kwa kuwa juu yake huandikwa jina la kikosi, si jina la mtu.

Dihenga alimeza kiburi chake, na haikuwa tonge dogo. Alisogea akasema, "Dada Mwamvua, ingia kwetu. Ukiingia tu, jina letu linaandikwa, nasi tunavuka, na wewe unavuka. Hutampigia mtu magoti."

Mwamvua akajibu kutoka pale juu, "Mimi si wa mtu, bwana mkubwa. Na bendera haiombwi. Njoo uichukue, mmoja mmoja, kama watu."

Basi wakaenda. Akaenda Dihenga, akaanguka. Nikaenda mimi, nikaanguka vizuri sana, ninavyokumbuka. Wakaenda wenzetu wote, wakaanguka, na kila aliyeanguka alimkuta Mwamvua amesimama juu ya zana zake akimngoja. Tungeweza kumvamia kwa pamoja. Mtu mmoja alitoa wazo hilo na Dihenga akamnyamazisha kwa ukali ambao hatujawahi kuusikia kwake, akasema kwamba kama tutavuka tutavuka tukiwa na uso. Siku zikapita namna hiyo, kila siku tunaangushwa, na nawaambieni kweli, kila siku tulikuwa tunachelewa zaidi kuanguka. Alikuwa anatufundisha, au alikuwa anajifurahisha. Sijui, na sitamsemea.

Siku ya mwisho ya nchi ile, Dihenga alipigana naye mbele ya lango kuliko alivyowahi kupigana, na akaanguka. Akazinduka kisimani, akaanza kukimbia kurudi. Ndipo Shaba walipotokea. Walitokea wote, kwa pembe zao na chui wao, kwa sababu walikuwa wamempeleleza Mwamvua wakajua desturi yake. Lango la Magadi lilikuwa wazi nyuma yake. Hatua chache tu, angeingia, angelifunga, na hakuna jeshi ambalo lingemfikia mle. Lakini ngao ya Dihenga ilikuwa chini miguuni pake, na mwenyewe hajarudi.

Hakusogea.

Nimeona vita vingi tangu siku hiyo, na vyote naviona vya watoto. Alisimama juu ya ngao ya hasimu wake, na Shaba wakamjia kama maji, na mkuki ule mmoja ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na Wapepo wakadondoka kutoka juu, na chui wakageuka wakawakanyaga wapandaji wao. Sisi tulikuwa tumetawanyika bondeni. Tulikimbia kumwendea huku tukipiga kelele, na mimi pembe yangu niliipiga mpaka maiki ikakwaruza. Tulipopenya, uhai wake ulikuwa umebaki uzi mwembamba, na Dihenga, na shuka lake jeupe, alikuwa ameifikia ngao yake na kuishika pamoja na upanga. Mkuu wa Shaba alikuwa ameinua shoka. Pigo lolote sasa lingemwangusha, na bendera ingekuwa ya Shaba, nasi tungezimika.

Mwamvua akampa yule mkuu wa Shaba kisogo, kana kwamba hakuwapo. Akasema, na sauti ile tuliisikia sote, "Mimi siangushwi na kundi. Dihenga, umeniapia mara ngapi? Piga."

Dihenga akasita. Mtu aliyeitamani siku hiyo kwa miaka, akasita.

"Piga, usiniaibishe."

Akapiga.

Bendera ikaruka ikatua mkononi mwa Dihenga, jina letu likaandikwa juu yake, ikapanda mnarani yenyewe. Na ngome iliyoandikwa jina haivamiwi tena mpaka juma lipite, na nchi ile haikuwa na juma lililobaki. Shaba wakatukana, wakaondoka. Sisi tukalia. Sioni haya kulitamka hilo: tulilia, watu wenye ndevu, kila mmoja nyumbani kwake ameshika simu.

Dihenga hakuingia ngomeni kusherehekea. Alisimama nje, juu ya mkuki na ngozi ya Mwamvua, akiwafukuza waokotaji, kama alivyoapa. Kisima cha Wamwamba kiko mbali, na Wamwamba ni wazito wa hatua. Tulimngoja tukiwa juu ya ukuta, tukiitazama saa ya kuzimwa ikienda mbio kwenye pembe ya skrini, hata tukamwona anakuja, na shuka jeupe, polepole, bila kukimbia, hata siku ile.

Alifika, akamtazama mkuu wetu kutoka juu mpaka chini. Akasema, "Umesimama vibaya. Mgongo wako uko wazi."

Dihenga akamtumia mwaliko. Tuliuona sote ukimulika juu ya kichwa chake: ingia, kataa. Akamwambia, "Andika jina lako, dada yangu. Muda umekwisha. Andika tu, hata uondoke siku ya kwanza huko."

Hakuingia wala hakukataa. Wala hakuviokota vitu vyake. Wapo wasemao ni kiburi kilichomaliza akili, na mimi nawaambia hawajui lolote: alijua kwamba akiviokota tu, zamu ya Dihenga imekwisha, nao wataachana. Akazunguka nyuma ya Dihenga, mikono mitupu, akauegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa yule mtu, akageuka kuwatazama waokotaji. Hajawahi kusimama na mtu kabla ya hapo. Wakasimama hivyo wawili, na mwaliko ukiendelea kumulika, mpaka skrini zikawa nyeusi.

Tulipofumbua macho katika nchi hii mpya tulikuwa sote, na zana zetu zote, na bendera yetu. Dihenga aliliandika jina la Mwamvua kwenye kitafutio, akaliandika tena. Hakuna. Amelitafuta mpaka alipostaafu mchezo, na ukuu akamwachia mwingine, na neno lake la kuaga lilikuwa kwamba kikosi hiki hakikuasisiwa naye, kimeasisiwa na mtu ambaye hakukubali kuwa wetu.

Kwa hiyo sisi watu wa Magadi hatuokoti. Leo mkimwangusha mtu, simameni juu ya zana zake mpaka arudi, awe rafiki, awe Shaba. Na mtasimama kama Dihenga alivyosimama, mgongo wazi, hamtauegemeza ukutani wala kwenye mti. Vikosi vingine vinatucheka, vinasema watu wa Magadi hawajui kulinda. Wacheni wacheke. Nafasi ile ya nyuma ina mwenyewe.

Pembe nitaipiga sasa, chukueni silaha. Na mtakapokuwa mmesimama huko, mkisikia hatua nzito zinakuja nyuma yenu polepole, msigeuke.