Muhanga Azuiwa Kugusa Gemu Yake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na simu za mkononi, Muhanga na mkewe walitengeneza gemu. Mchwa mdogo amepotea, mvua inanyesha, nawe unamvusha mto arudi kwao. Muhanga alimchora mchwa huyo kwa kucha zake nene, akampenda kama mtoto wa kumzaa.

Lakini nani angeijua gemu hiyo, nao wanaishi shimoni?

Siku moja, hodi hodi! Kicheche huyo. Mdogo, mwepesi, mdomo haupumziki.

"Shemeji Muhanga! Niachie mimi. Nitaifikisha kwenye kila simu ya msitu huu. Ila asiiguse mtu isipokuwa mimi. Hata wewe, tusije tukavurugana."

"Na ikiharibika?" aliuliza mke wa Muhanga.

"Aa, shemeji! Nitaitunza kama ninavyowatunza wanangu!"

Muhanga akacheka kwa furaha, akaweka dole gumba kwenye mkataba.

Kweli, gemu ikanunuliwa, ikaenea. Ngedere wakaicheza mitini, Nyati wakaicheza huku wakicheua. Mama Paa, ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa kitandani, alikuja kushukuru.

"Siku hizi anakula, mradi amvushe mchwa kwanza."

Halafu simu za aina mpya zikaingia msituni. Gemu ikifika mtoni, tiii! Inaganda. Mchwa kasimama majini, haendi, harudi.

"Tapeli!" wanyama wakapiga kelele mlangoni kwa Muhanga. "Toka nje, tapeli!"

Mama Paa hakupiga kelele. Alisema tu, "Anamlilia mchwa. Hali tena."

Muhanga alilijua kosa lilipo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Akakimbia kwa Kicheche, puu, puu, puu!

"Nifungulie niitengeneze!"

"Tulikubaliana huigusi."

"Basi itengeneze wewe!"

"Mimi sasa niko na gemu ya Nyumbu. Yako imeshauzwa. Nikiitengeneza, napata nini?"

"Si ulisema utaitunza kama wanao?"

"Kwi kwi kwi! Umewahi kuwaona wanangu? Wakishafumbua macho tu, nawaacha porini wajitafutie!"

Muhanga aliinua ukucha wake, ule unaobomoa kichuguu kigumu kama jiwe. Akaushusha. Abomoe nini? Nguvu zake zote hazikuwa na pa kufukua.

Njiani kurudi akakutana na Mama Paa, kambeba mwanawe mgongoni, mtoto kakonda, macho tu yamebaki.

"Mama," mtoto akanong'ona, "ndiye huyu aliyemtengeneza mchwa?"

Muhanga akainamisha pua.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Si mimi."

Akaingia shimoni kwake, akaliziba kwa ndani.

Basi, wanangu, kabla hujaweka dole gumba, uliza: siku kitu chako kikiharibika, nani ataruhusiwa kukitengeneza?